Ng'ombe wa Kufugishwa

Shinyanga, Jumanne

Na bado nina kazi!

Mwezi uliopita wizara iliomba maoni ya mkoa kuhusu magari ya kivita ambayo nchi rafiki inataka kutupatia bure. Kwenye kikao Mzee Masanja, mjumbe kutoka Tinde, akasema, "Huyo ni ng'ombe wa kufugishwa. Maziwa utakamua, kuchunga utachunga wewe, ila ndama ni wa mwenyewe." Nami, mwandishi wa kikao, badala ya kufupisha, nikayaandika maneno yake vilevile kwenye muhtasari. Na nilikuwa bado sijathibitishwa kazini.

Leo bosi, Mama Neema, ameniita. "Ng'ombe ameingiaje kwenye waraka wa serikali?"

"Shikamoo, mama," nikajibu, ingawa tulishasalimiana asubuhi.

Akaangua kicheko. Kumbe wizarani ng'ombe ndiye aliyewasimamisha. Sasa wanataka kwanza kujua mafuta na vipuri atalipia nani, ndipo wasaini. Barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa mezani.

Nimempigia simu Mzee Masanja. Hakushangaa. "Kumbe na wao wafugaji!"

Keshokutwa kuna kikao tena, naye atakuwepo. Mungu wangu, asije akataja mbuzi.