Ngombe Katika Roho ya Mama

Jumatatu, 3 Novemba

Nimempima mama uzito kabla ya kazi. Umepanda tena. Ni maji, miguu imevimba mpaka soksi imeacha alama. Dawa, chai bila sukari, mto wa pili mgongoni. Nikakimbilia tramu.

Hospitali imepiga simu nikiwa kwenye mashine ya fotokopi. Nafasi imepatikana! Alhamisi ya wiki ijayo watambadilishia vali ya moyo. Hawatapasua kifua, watapitisha mrija kwenye mshipa wa mguu. Nimesema merci mara nyingi mno, bosi wangu wakili ametoa kichwa mlangoni kuangalia karani wake ana nini. Ni furaha. Au ni woga. Leo siwezi kuvitofautisha.

Jumatano, 5 Novemba

Tumemwona daktari. Anaongea Kifaransa cha mbio, mama anasikia nusu, mimi natafsiri. Vali nimeiita mlango. "Watakutia mlango mupya ya roho." Kwetu Lubumbashi moyo huitwa roho, na mama hajui neno lingine.

Daktari alitoa mfano wa vali kwenye droo. Kikapu kidogo cha waya, ndani vipande vyeupe laini. Kimetengenezwa kwa péricarde ya ng'ombe, alisema. Nilitafsiri haraka, daktari alikuwa ameshaanza jambo jingine: "Inatoka ku roho ya ngombe."

Mama alikishika kwa vidole viwili, akacheka akiwaza ngazi za nyumbani. "Kadogo hivi, papa, njo katanipandisha escalier?" Ananiita papa kwa sababu nina jina la baba yake. Kwenye tramu alicheka tena peke yake. Sijamwona hivi tangu masika. Ningeweza kuimba mbele ya abiria wote.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikulala. Nimejipima presha kwa kifaa cha mama. Iko juu. Sijamwambia mtu. Kazini nimegonga muhuri kichwa chini miguu juu kwenye barua ya mteja. Lazima niwe makini. Nikianguka mimi, nani atampa dawa?

Jumamosi, 8 Novemba

Tantine Georgette, mdogo wake mama, amekuja na pondu, kisamvu cha kwetu. Mama akamsimulia yote. Tantine ana simu na ana kwaya nzima ndani ya simu hiyo. Kabla pondu haijapoa, kanisa letu lote la hapa mtaani Anderlecht lilikuwa na habari: Maman Véronique anatiwa roho ya ng'ombe.

Simu hazikukoma. Mzee mmoja wa kwaya aliuliza kama atakuwa anatoa maziwa, waje na bidon za kukingia. Mama alicheka mpaka akakosa pumzi, nikamfungulia dirisha. Walipoacha kupiga, akakaa na mkono kifuani. Hakutaka hata kuangalia televisheni.

Jumapili, 9 Novemba

Hataki tena.

Tumetoka ibadani, amekaa kitandani na koti lake. "Siendi, papa. Siku ile Bwana ataita roho yangu. Sasa gani itaitika? Ya kwangu ao ya ngombe?"

Nilimweleza. Moyo ni kiungo cha mwili, roho ni ile iliyopuliziwa na Mungu, ni maneno mawili, vitu viwili. Nilieleza vizuri, kama mwalimu. "Ile ni Kiswahili ya masomo," akasema. "Mie ninasali na ile ya kwetu."

Nikapaza sauti. Mama yangu, mgonjwa, na mimi napaza sauti. Nimeona aibu kali. Nina hasira na kwaya, na ng'ombe wote wa dunia, na kinywa changu. Vali yake inazidi kuziba. Daktari alisema bila kuzunguka: bila mpya, huenda asiuone mwaka ujao. Hilo pia nililitafsiri, ila kwa sauti ndogo.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku gani hii!

Mapumziko ya mchana nimepiga simu hospitali. Si kufuta ile nafasi. Nimeuliza tu, péricarde ni nini hasa? Nesi hakunicheka. Ni mfuko unaouzunguka moyo, alisema. Utando wa nje. Si moyo wenyewe.

Si moyo! Ni gamba lake, ni ngozi! Nilikuwa nimetafsiri vibaya. Nimeomba ruhusa, nimevuka barabara taa ikiwa nyekundu, mimi ambaye husubiri hata kukiwa hakuna gari. Mama alikuwa anachambua mchicha.

"Haitoke ku roho ya ngombe, mama. Nilikosea. Ni ngozi yenye inafunika roho."

"Ngozi?"

"Ngozi tu."

"Sawa na ya ngoma?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea na mchicha. Aliuchambua muda mrefu, nami nimesimama na koti. Kisha:

"Ngoma ya kanisa iko na ngozi ya ngombe. Kila dimanche inaimbia Mungu, na haijalia sawa ngombe hata siku moja."

Akachukua simu mwenyewe. "Georgette! Ni ngozi, weye! Ambia bale bote ba kwaya." Tantine alipiga kelele mpaka nikamsikia kutoka upande wa pili wa meza: "Alors, weye sasa Maman Ngoma!"

Anaenda. Anaenda! Nimekula sahani mbili za mchicha nikiwa nimesimama.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu, ofisi imefungwa. Nimefunga begi lake. Ndala, biblia, chaja, karatasi ya mutuelle, bima yake ya matibabu. Nimelifungua na kulifunga tena. Aliniangalia, akafungua kabati, akagusa kitenge cha bluu.

"Kama Mungu anasema hapana, univalishe pagne ya bleu. Si ile Georgette alininunulia. Ile inaninenepesha."

Nikacheka. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia. Naogopa sana.

Alhamisi, 13 Novemba

Wamemchukua asubuhi. Alinipungia mkono kutoka kitandani kama mtu anayekwenda sokoni.

Ukumbi wa kusubiri. Viti vya bluu. Tantine anasali kwa Kiswahili, akichoka anahamia Kilingala. Mimi siwezi kusali, nahesabu vigae. Kila mlango ukifunguka naanza upya. Nesi akapita anakimbia. Nikajua amekufa. Nesi mwingine akapita anacheka. Nikajua hajafa. Ndivyo ilivyokuwa, kufa na kufufuka, asubuhi nzima.

Kisha daktari, kofia bado kichwani. Ça bat très bien. Moyo unapiga vizuri sana!

Tantine alipiga vigelegele korido nzima, mlinzi akaja, naye akakumbatiwa. Mimi nilijikuta nimekaa sakafuni. Nesi akaniletea maji na biskuti, akauliza nimekula lini. Sikukumbuka. Akaniuliza nani ananitunza mimi. Swali la ajabu. Nimelitafsiri kichwani kwa Kiswahili changu na cha mama, kisha nikamwomba biskuti nyingine.

Jumatatu, 17 Novemba

Tuko nyumbani tangu jana. Ukungu, kuba la basilika, kanisa kubwa tunaloliona dirishani, halionekani.

Uvimbe wa miguu yake umeshuka, mifupa ya vifundo imerudi. Anaongea sentensi nzima bila kusimama katikati. Hatakiwi kuinua kitu kizito, nimeandika na kubandika kwenye friji.

Nimechukua likizo kumhudumia. Baada ya dawa nilikaa kwenye kiti, dakika moja tu, nikalala. Nilipozinduka nilikuwa nimefunikwa koti lake. Jikoni maji yalikuwa yanatiririka, anaosha mchele, redio chini. Kisha nikasikia sufuria, ile kubwa nzito, ikiinuliwa.

Nilipaswa kuinuka nimkataze. Nikabaki nimefumba macho, chini ya koti lake.