Sweta ya Kijani, Dakika ya Sita

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kitengela.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Mawingu yako, mvua hakuna. Niko na hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hivyo nimeanza na upepo.

Kesho saa tatu asubuhi nasoma insha yangu mbele ya darasa zima, na insha yenyewe ni uongo. Sijanakili kwa mtu, hapana. Kila neno nimeandika na mkono wangu. Ni uongo mbaya kuliko huo, na nimeugundua jana tu.

Wacha nieleze pole pole, labda nitatulia.

Muhula huu mwalimu wetu wa filamu hapa chuoni alituambia kila mtu alete filamu fupi aliyotengeneza mwenyewe. Halafu akaweka majina yetu kwenye mkebe wa majani chai, kila mmoja akachukua jina la mwenzake ili aandike juu ya filamu yake. Swali lilikuwa moja: mbinu za filamu hii zinatuonyeshaje nani ni wa hapa na nani si wa hapa? Mimi nikachukua Naserian, msichana wa Mashuuru anayekaa safu ya mbele na kuongea mara moja kwa wiki.

Filamu yake ni ya dakika tisa, ameichukua kwa simu. Inamfuata nyanya yake, yeye humwita Koko, akiswaga ng'ombe kutoka Mashuuru kuja huku wakati wa kile kiangazi kibaya, mimi nikiwa Kidato cha Tatu. Dakika ya sita, Koko anafika kwenye geti la mabati na mtungi mtupu. Geti linafunguka kidogo. Koko anasalimia, "Takwenya." Hatuoni uso wa mtu, tunaona tu mkono wenye sweta ya kijani. Mkono unavuta geti, geti linafungwa. Picha inakatwa hapo hapo, tunaona ng'ombe akilamba jiwe.

Wee! Nilivyoandika!

Kurasa tatu juu ya dakika hiyo moja. Niliandika kwamba kamera imewekwa chini kabisa, usawa wa macho ya mbuzi, ndiyo geti likaonekana refu mpaka mbinguni. Niliandika juu ya salamu ya Kimaasai isiyojibiwa, maana hapa kwetu hata mtoto wa nasari anajua ukiambiwa "takwenya" unajibu "iko," hata kama mmekosana. Niliandika kwamba ule mkato wa ghafla ni panga, na kwamba mtengenezaji hana huruma na mtu wa ndani, na hafai kuwa nayo. Na ile sweta? Nikasema kijani ni nyasi. Nyasi zilizobaki upande wa ndani wa fensi. Mwalimu alipiga tiki mbili hapo, akaandika kando kwamba hii ndiyo isomwe Ijumaa.

Naserian aliisoma Jumanne. Alinikumbatia kwenye korido mbele ya watu, akaniambia, "Wewe umeelewa." Nilitembea siku hiyo nikiwa nimevimba kichwa.

Sasa jana nilikuwa naongeza aya moja kuhusu sauti. Nikaweka waya masikioni, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nyuma ya geti kuna mbwa anabweka, na chini ya mbwa kuna mwanamke anasema, "Vinga! Vinga muomo!" Ni Kikamba. Funga, funga mlango. Naserian hakijui Kikamba, kwake ilikuwa kelele tu. Mimi nakijua. Na huyo mwanamke pia namjua, ndiye amenizaa.

Sweta ya kijani ilikuwa yunifomu yangu ya sekondari.

Eti nyasi! Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikalia.

Nimejiuliza ningekosaje kujua geti letu wenyewe. Ukweli ni kwamba lile la mabati tuliling'oa, tukaweka hili la chuma lenye maua ambalo kila ploti ya mtaa huu iko nalo. Lakini hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba siku zile walikuja wengi, na tulifunga mara nyingi. Sikukumbuka kwa sababu haikuwa siku ya kukumbukwa. Nimeandika sentensi hiyo na uso unawaka.

Kitu kinaniuma zaidi ni hiki. Mimi nimezaliwa Kitengela. Nikienda kwa nyanya Machakos, naitwa mtu wa Kitengela. Nikiwa Kitengela, naulizwa kwetu ni wapi. Ndiyo maana niliandika insha ile kwa moto hivyo, nikajiweka nje ya geti pamoja na Koko, nikimlaani mtu wa ndani asiye na uso. Haikunijia hata mara moja kwamba naweza kuwa ndani.

Leo mchana nimemwonyesha Mama. Sikumwambia ni nini. Nilimpa simu akiwa anachambua maharagwe, nikamwambia angalia. Aliangalia akitabasamu mpaka ile sauti ilipotoka, na tabasamu likaisha. Aliniambia nirudishe nyuma. Akasikiliza tena.

"Boza, lile lori la maji, ilikuwa imekosa kuja siku nne," alisema. "Na hao ng'ombe walikuwa wengi, Mwende, ungesema ni harusi. Wangeingia hapa wangebakisha nini?"

Akaendelea kuchambua, mikono ikienda mbio, mawe na maharagwe yote akitupa pamoja. Halafu akasimama.

"Lakini mbona amekata hapo? Mimi nilitoka! Ulipoingia ndani nilitoka na beseni la bluu, nikampa huyo mama maji. Mwambie huyo rafiki yako aonyeshe yote. Hawezi kuonyesha watu tukifunga tu."

Acha niseme ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijiona kesho mbele ya darasa nikigeuza insha yote: uhariri unaweza kudanganya, mkato unaweza kumnyima mtu beseni lake. Ingekuwa insha tamu kuliko ya kwanza. Na mimi ningebaki msafi, na Mama pia.

Nikamwandikia Naserian. Sikumwambia kwa nini. Nilisema nataka kusikia sauti ya lile geti vizuri, kama bado ako na picha yote kabla hajakata. Akanitumia bila kuuliza, na ujumbe huu:

"Iko dakika nne zingine. Koko ndiye aliniambia nikate pale, alisema nisiaibishe watu wa hiyo boma, labda waliogopa tu. Usionyeshe mtu."

Nimeangalia dakika zote nne. Nimeziangalia mara tatu.

Geti halifunguki.

Koko anasalimia tena. Anangoja, anasalimia mara ya tatu, sasa kwa sauti ya chini kama mtu anayehofia kuamsha mtoto. Anakaa juu ya mtungi wake. Ng'ombe mmoja analala chini. Ndani kwetu mbwa ananyamaza, redio inasikika. Halafu Koko anainuka, anapangusa shuka, anaenda. Hakuna beseni la bluu. Hakuna mtu.

Kwa hivyo mkato nilioita panga, ule ambao nilisema hauna huruma, uliwekwa pale ili kutusitiri sisi. Bibi aliyenyimwa maji ndiye alisema tusianikwe. Na mimi nikachukua heshima yake nikaiita ukatili, nikapewa tiki.

Mama si mwongo. Hiyo ndiyo shida. Naamini analikumbuka hilo beseni, naamini analiona kabisa, na maji yakimwagika kidogo mkononi. Labda alimpa mwingine, siku nyingine. Labda alitaka kutoka sana mpaka akili ikamtolea. Amekaa na hilo beseni miaka yote hii, na amelala vizuri.

Ya kesho nimeshaamua. Insha ile sisomi. Asubuhi nitamtafuta Naserian kwanza, kabla ya mwalimu, nimwambie geti ni la nani. Akikasirika, akasirike. Akisema nisiongee, sitaongea. Akiniruhusu, nitasimama mbele ya wale watu thelathini niseme nilikuwa upande gani. Hiyo naiweza.

Hii nyingine ndiyo siiwezi. Saa hii Mama ameita kutoka jikoni. Ameuliza kama ile sehemu iliyobaki imekuja. Ameuliza kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, akiwa anacheka, eti ikija nimwangalie kama siku zile bado alikuwa mwembamba.

Nimemwambia bado.

Insha nzima juu ya mtu aliyenyamaza nyuma ya mlango, na tazama nimefanya nini hata wino haujakauka. Nikimwambia, namnyang'anya beseni lake. Nikinyamaza, Naserian atajua kesho, darasa litajua, na yeye tu ndiye atabaki akiamini alitoka. Hiyo nayo ni kumfungia nje. Je, nitaweza kumwangalia akiangalia lile geti dakika nne nzima, akijingoja atokee?

Anaimba huko jikoni. Naenda sasa, kabla sijapata sababu nyingine ya kukaa.