Alama ya Baba Imesikika Bahari Nzima

Steinvåg, Lofoten,
Norwe.
Tarehe 27 Machi

Mpendwa dada Gunnvor,

Pokea salamu zangu, na uzipokee zikiwa bado na joto, maana huku kwetu hakuna kingine chenye joto kwa sasa. U hali gani wewe na shemeji Erastus? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa kwanza kimetulia? Na Ndapewa, mitihani ameimaliza salama? Sisi hatujambo. Goti langu jipya linakunjika vizuri kuliko lile la zamani, ila likikunjika linalia kama mlango wa ghala. Jorunn wangu mzima, anafuma sufu asubuhi hadi jioni, na anakuulizia.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu habari niliyo nayo ungenikatia kabla sijafika katikati. Ni habari inayokuhusu wewe pia. Vumilia, dada, na usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na riwaya.

Unajua kwamba tangu vuli mashua yetu Petrine iko mikononi mwa Ragnfrid. Binti yangu aliacha kazi yake nzuri ya hospitali kule Trondheim, akarudi kushika usukani, kwa kuwa baba yake hawezi tena hata kuteremka ngazi ya gati bila kushikwa kiuno. Mimi, kama baba mwema, nikaweka redio ya upepo, ile ya kuongea na mashua, jikoni pale dirishani, ili nimsaidie. Ragnfrid, upepo unageuka. Ragnfrid, punguza mwendo. Ragnfrid, umekula? Wavuvi wote wa eneo hili walikuwa wanasikia mwanangu akiulizwa kama amevaa soksi mbili.

Siku moja mwezi wa pili aliingia jikoni na mabuti yake, maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya meza.

"Baba, nisikilize. Ukitoa neno redioni kabla ya Pasaka, neno moja tu, naifunga Petrine gatini na narudi Trondheim."

"Hata nikiona hatari?"

"Hata ukiona meli inanijia. Wenzangu wananiita Soksi Mbili."

Unamjua, ana taya lako. Akishaliuma jambo haliachii. Na akiondoka, hakuna mwingine. Mashua itanunuliwa na watu wa kusini pamoja na haki yake ya kuvua, na hapa Steinvåg bandari itabaki ya kufungia boti za wageni wa kiangazi. Nikaapa. Niliapa kwa jina la mama, ambaye mashua ilipewa jina lake.

Jorunn hakukiamini kiapo changu. Akaniletea tiketi: safari ya meli ya pwani, kuanzia Bergen kule kusini hadi Kirkenes mpakani, kwenda na kurudi, mwezi Machi! Machi, dada, chewa wakiwa wamejaa ghuba ya Vestfjord, mimi nikatalii!

"Watu wanatoka mbali kuja kuyaona haya," akasema.

"Mimi nimeyaona."

"Umeyaona ukifanya kazi. Sasa uyaone umekaa."

Simu yangu akaitia ndani ya mfuko wake wa sufu, chini kabisa, pamoja na sindano. Nani atatia mkono humo?

Nisikudanganye, sikuwahi kuteseka vile. Tulilala katika chumba ambacho dirisha lake liliangalia boti ya uokoaji, rangi ya chungwa, hiyo ndiyo mandhari yangu. Meli ikaingia mkono huu wa bahari, ikatoka, ikaingia ule, milima imesimama huku na huku kama imeitwa mkutano, na kila yanapotokea maporomoko ya maji watu wanakimbilia upande mmoja na simu zao mpaka unahofia meli italala. Kulikuwa na kijana wa kutupa maelezo, Mdenmarki, kijana mzuri tu. Akasema chewa hutundikwa kwenye vichanja ili jua la Lofoten limkaushe. Jua, wakati anayekausha ni upepo wa baridi! Nikanyoosha mkono nimsahihishe. Jorunn akaushusha.

Mezani tulikaa na bibi mmoja Mjerumani, daktari wa meno mstaafu, jina lake Irmgard. Aliposikia mimi ni mvuvi alifurahi kama ameona nyangumi. Akanipiga picha nikila chewa wa kuchemsha na ini lake. Akanipiga nikiangalia bahari. Akaniomba niiangalie tena bahari, lakini kwa huzuni zaidi. Hilo halikunipa kazi.

Maana nje ya kioo zilikuwa zinapita mashua zinakwenda kaskazini kwenye samaki, na mimi nimeshika kikombe cha chai chenye kisahani.

Sasa nafika penyewe. Tulipotoka Bodø kuvuka Vestfjord, nahodha wa meli akatuma mtu aniite nipande juu kunywa kahawa. Ni Eilert, yule tuliyesoma naye, aliyekuwa anakuandikia mashairi ukayachoma. Bado ana nywele, sijui kwa nini. Jorunn aliniruhusu akidhani juu kuna kahawa tu. Nikapanda, na Irmgard akanifuata na kamera yake.

Juu, redio iko wazi, imewekwa kwenye yale masafa ya wavuvi. Mbele yetu mashua zimetapakaa kama punje zilizomwagika, na kwa darubini ya Eilert nikaiona Petrine yetu. Iko peke yake, mbali na wenzake, mahali ambapo mimi nisingemwaga hata maji machafu. Nikauma ulimi. Ndipo nikamsikia jirani yetu Hallstein, yule mzee mdaku, akiita.

"Petrine, Petrine! Vipi huko, binti? Kuna kitu?"

"Hamna kitu, mzee wangu. Cha supu tu."

Dada, wewe na mimi tumekulia humo. Mvuvi wa huku akisema redioni kwamba amepata cha supu, maana yake mashua iko mbioni kuzama kwa uzito wa samaki. Baba alisema cha supu siku ile tuliyorudi maji yakilamba ukingo. Mimi nimesema cha supu maisha yangu yote. Angelisema mtu mwingine yeyote ningecheka na kumwambia Eilert tugeuze meli tumfuate. Lakini aliyesema ni mwanangu, sauti imechoka, yuko peke yake kwenye maji mabaya. Nikaamini. Nikamwona anarudi bila kitu, nikamwona anafungasha kwenda Trondheim, nikamwona baba kaburini anageukia ukuta.

Eilert alikuwa amemgeukia Irmgard anamwonyesha milima. Nikajikuta kidude cha redio kiko mkononi.

"Ragnfrid! Toka hapo! Nenda kwenye alama ya babu! Mnara wa kanisa uonekane juu ya bega la mlima Hesten, na mwamba mweupe ujifiche nyuma ya kisiwa cha kondoo! Hapo ushushe nyavu!"

Ndiyo. Nimeitangaza. Alama ya mahali pa samaki, tuliyofundishwa na baba mimi na wewe tu, akituapisha ndani ya mashua, aliyoinong'ona hata tulipokuwa wenyewe katikati ya bahari. Alama ambayo mama alizikwa bila kuijua. Niliitamka polepole, kwa sauti ya kusikika, nikamaliza na kidole bado kimebonyeza kitufe.

Nikakiachia. Kisha Hallstein.

"Tunashukuru sana, Torleif. Marehemu baba yangu alikufa akiitafuta hiyo."

Na mwingine: "Rudia ile ya kisiwa, bwana, kalamu yangu ilikuwa haiandiki."

Na mwingine tena: "Na soksi tuvae ngapi?"

Wakacheka, bahari nzima ikacheka. Halafu ikaja sauti ya Ragnfrid, neno moja tu: "Baba." Akazima.

Eilert alikitoa kidude mkononi mwangu taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Irmgard akapiga picha. Akaniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo huzuni aliyokuwa anaitafuta.

Niliomba nishuke Stamsund jioni ile ile. Jorunn akakataa. Akasema nikimfuata mtoto sasa hivi na maelezo yangu nitamaliza kilichobaki, na simu haikutoka mfukoni. Kwa hiyo nikapelekwa kaskazini kama furushi. Tromsø sikuiona. Rasi ya Kaskazini, ambako watu walilia kwa uzuri wa ukungu, mimi nilikaa ndani ya basi.

Ulidhani meli ina mbio? Maneno ya wavuvi yana mbio kuliko meli. Honningsvåg, bwana wa gatini anadaka kamba yetu, ananitazama, anapiga kelele: "Wewe ndiye mwenye kanisa na bega?" Båtsfjord walinipungia mkono watu nisiowajua. Vardø, mwisho wa dunia, hata mti haupo, niliingia duka la mikate, mama muuzaji akakataa kunitoza. "Chukua tu," akasema, "mtu mkarimu kama wewe, usiyeficha kitu." Jorunn alicheka mpaka akakaa chini. Mkate aliula yeye.

Usiku wa kurudi nilitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, sababu tatu na ombi. Tulipoingia Stamsund, nikatazama kabla ngazi haijashushwa, na nikaiona Petrine. Imefungwa gatini. Taa imezimwa, kamba zimekazwa mbele na nyuma.

Nikamshika Jorunn. Nikamwambia, amefanya. Amefunga kweli, mtoto wako.

"Hebu angalia vizuri," Jorunn akasema, "mvuvi wewe."

Nikaangalia. Mashua ilikuwa imekaa chini majini, chini mno, maji karibu yaingie. Ragnfrid alitokea nyuma ya kreni ya kupakulia, magamba hadi kwenye nyusi, anasubiri zamu yake ya kushusha samaki. Nikafungua hotuba. Sikuvuka utangulizi.

"Supu, baba! Nilisema supu! Miaka yote hiyo baharini, hujui supu?"

Habari yenyewe ni hii. Asubuhi baada ya tangazo langu, mashua zote za eneo hili zilikwenda kwenye alama yetu. Zilibanana pale kama kondoo mlangoni, nyavu zikaingiliana, Hallstein akamkatia mtu kamba, wakatukanana mpaka watu wa ulinzi wa pwani wakaja kuwaachanisha. Walichovua ni magugu na kaa. Ragnfrid akabaki peke yake pale kwenye maji mabaya, hana wa kumchungulia, hana wa kumwuliza, akijaza siku baada ya siku.

Sasa watu wote wanadhani nilifanya kusudi. Hallstein alikuja hapa nyumbani, kavua kofia, ananiita mbweha mzee. Anasema hajawahi kusikia uongo uliopangwa vizuri vile, na kwamba ile sauti ya kutetemeka ndiyo iliyomkamata. Ninapokea sifa, nifanyeje? Lakini inaniuma kusifiwa akili kwa jambo nililolifanya kwa kuikosa.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, ndicho kilichonifanya nikuandikie. Nilimwuliza Ragnfrid, kwa nini alama ya babu haikuwa na kitu. Akasema samaki walishahama pale. Alijaribu vuli nilipomfundisha, akajaribu baada ya Krismasi, hamna. Bahari imekuwa na joto, wanapita mbali zaidi. Alijua, na hakutaka kuniambia.

"Ulikuwa unaitaja kwa heshima sana, baba. Ningeanzaje?"

Basi siri yetu, dada, tuliilinda ikiwa tayari ni tupu. Nimeitoa bila ruhusa yako, na kwa hilo nikasirikie unavyotaka, una haki. Lakini sikuwanyang'anya watoto wetu kitu. Nimewapa wenzangu kanisa, mlima na maji matupu.

Kuhusu Trondheim, nilimwuliza waziwazi: neno nililitoa, sasa je? Akasema neno lake liko pale pale, ila hawezi kufunga mashua katikati ya msimu kama huu, labda awe kichaa kama mimi. Akaniambia nivae, tunatoka alfajiri, anahitaji mtu wa ziada wa kutumbua samaki. Mimi! Nilivaa kabla hajamaliza sentensi. Soksi mbili.

Tulipotoka nje ya bandari, nchi kavu ikaanza kujipanga, mnara huu na mlima ule, mimi macho yamenitoka nitambue anakwenda wapi, akageuka kutoka kwenye usukani.

"Baba, teremka chini ukachemshe kahawa."

"Kahawa ipo kwenye chupa."

"Chemsha nyingine. Utapanda nyavu zikishaanza kuvutwa, na utaangalia samaki, si milima."

Nahodha ni yeye. Nikateremka, goti linalia. Kule chini hakuna dirisha, unajua. Baba alilipigilia ubao tukiwa wadogo, nasi hatukuwahi kuuliza kwa nini; sasa najua. Nikakaa kwenye benchi, nimekasirika, birika mbele yangu. Nilijaribu kuhesabu mashua imegeuka mara ngapi ili nijue tuko wapi. Nikapotea. Kisha injini ikapungua, winchi ikaanza kuvuta nyavu, ikavuta, ikapiga kwikwi kwa uzito, mashua yote ikainama upande. Kahawa ikafurika jikoni. Na mimi sikupanda, Gunnvor. Nilishika birika, nikanyamaza, nikasubiri kuitwa.

Mwambie shemeji Erastus zawadi yake ya chewa mkavu iko kwenye kichanja, itakuwa tayari mwezi wa sita. Mpe Ndapewa busu la mjomba wake. Jorunn amekufumia fulana ya sufu, nimemwambia huko kwenu Walvis Bay si baridi kiasi hicho, hasikii. Ragnfrid anamwamkia shangazi yake, na anasema ukitaka kujua anavua wapi umwulize mwenyewe, wewe atakwambia.

Mungu akulinde, akipe kifua chako nafuu, na akurudishe kwetu siku moja ungali una nguvu za kunigombeza ana kwa ana.

Ni mimi nikupendaye, ndugu yako mchemsha kahawa,

Torleif