Alichoandika Aika

Josephine, acha unachofanya usome hii.

Aika ameandika kwenye gazeti la chuo. Mwanangu mwenyewe. Anasema baada ya yale mashambulizi ya magaidi Paris, Marekani isimamishe kupokea wakimbizi kwa ajili ya usalama, na vyuo viache kupendelea watu kwa rangi. Na picha yake juu, anatabasamu.

Unajua nimejuaje? Adolphine, yule Mkongo ninayetunza naye wazee, amekuja na hilo gazeti hapa nyumbani kwangu Shively. Yule ambaye dada yake yuko kambini Nyarugusu. Kwetu Tanzania, Jose.

Hakupiga kelele. Kaniuliza tu, "Mama Aika, dada yangu iko mu kambi miaka kumi na tisa. Mtoto wako anamuogopa?"

Nikamwita Aika atoke chumbani. Nilidhani ataomba msamaha. Akasema, "Mama, kila nikifaulu wanasema nimebebwa kwa sababu ya rangi. Nimechoka. Na hayo ya usalama, naamini nilichoandika."

Naamini nilichoandika. Mbele ya Adolphine! Na hayo ya kubebwa hakuwahi kuniambia.

Adolphine akamvutia kiti. "Bon, unajua kuandika. Ikala hapa, uniandikie barua ya kuuliza dosye ya dada yangu, ile faili ya kuomba kuja huku, imefika wapi."

Wako jikoni sasa hivi. Aika anamuuliza dada alikimbia mwaka gani, Adolphine anajibu huku analia. Mimi nimejifungia bafuni, sijui nitoke nikamshike nani.