Wiki Nne kwa Neno Moja

Mshauri mpendwa, naomba msaada, ingawa si kawaida yangu kuomba, maana Kiingereza nakijua chote, na mtaani kwetu barua ngumu zote huletwa kwangu. Basi, niseme nakijua kiasi. Tena niseme kweli, kwa kuwa hunioni: shule niliiacha darasa la nne, na Kiingereza changu ni salamu ya asubuhi pamoja na zile herufi za vipimo zilizo kwenye kola za mashati. Mimi ni fundi cherehani. Ndimi niliyeshona mapazia ya kijani ya ofisi yenu hapo gazetini, kama bado hamjayageuza matambara ya kufutia meza.

Shida yangu ni mke wangu na Mwalimu Tai. Baada ya miaka thelathini na nane ya ndoa mke wangu ameanza kusoma Kiingereza cha watu wazima, Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la misumari na rangi, na anayefundisha ni mstaafu wa posta, mgane, anayevaa tai hata kwenye jua la kuchoma, na sasa ni wiki ya nne wako kwenye neno moja, mshauri, neno la herufi tatu, "for". Mimi suruali naikata na kuimaliza kwa siku moja, zipu na yote. Herufi tatu zinakulaje wiki nne kama hakuna jambo?

Nilimuuliza kwa upole, akaniambia ati lina kazi nyingi, ukimpa mtu kitu limo, ukitaja muda uliongoja limo, ukielekea mahali limo, ukibadilisha kitu kwa kitu limo, hata ukiwa upande wa mtu kwenye ugomvi limo. Nikamwambia neno linaloingia kila nyumba namna hiyo si la kuaminika, sisi letu tunalishona ndani ya kitendo kama bitana, ukisema nimekupikia, mtu kajua kapikiwa, yamekwisha. Akacheka, akasema, "Mzee, ungekuja darasani ungekuwa wa pili." Wa kwanza hakumtaja.

Nikaanza upelelezi. Daftari lake nililikuta chini ya kapu la nyuzi za kufumia, na mtu hafichi kitu kisicho na maneno. Ukurasa mzima ni "for" iliyopigiwa mstari mwekundu, na pembeni maelezo kwa mwandiko wake: hii ni kwa ajili yako, nimengoja kwa miaka, yuko tayari kwa safari. Nani kangoja? Safari ya wapi? Alhamisi nikapita dirishani kwao mara tatu nikijifanya nachagua misumari, nikamwona Mwalimu Tai ameinama kwenye meza ya mke wangu wakisoma karatasi moja, ya waridi, yenye paka pembeni. Nikatoka jasho, kwa sababu karatasi ile ni ya mjukuu wetu.

Hapa itabidi nikuambie. Binti yetu anaishi mbali sana, na mwanawe, ambaye namwita Kibogoyo mwenzangu kwa kuwa picha ya mwisho hakuwa na meno ya mbele kama mimi, Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Huandika kwa Kiingereza. Kwa miaka miwili mimi ndiye ninayemsomea mke wangu, navaa miwani, nakohoa, nasoma yasiyokuwemo. Mara ya kwanza nilikosa la kusema nikasema mtoto analalamika vidole vya miguu vinapata baridi, mke wangu akafuma soksi, barua ya pili nikasoma kwamba zimempendeza na anataka nyingine, na leo zimefika jozi kumi na moja. Binti yangu akipiga simu huuliza, "Baba, umesoma alichokuandikia mwanangu?" Namjibu nimesoma, nashughulikia. Barua ya mwisho mke wangu hakuniletea. Aliitia kwenye mkoba wake.

Sasa nimkabili Mwalimu Tai, au nimwachishe mke wangu darasa?

Fundi Mwenye Mashaka

*Jibu la mshauri*

Baba yangu, shikamoo kwanza, maana nikianza kukugombeza nitasahau.

Mwalimu Tai mwache na tai yake. Neno hilo mimi nalitumia kazini kila siku na bado hunipiga chenga. Wiki nne ni chache. Wala hakuna mahaba yanayochumbiwa mbele ya wanunuzi wa misumari kwa barua ya mtoto. Wewe huogopi tai, unaogopa daftari. Umejenga uongo juu ya miwani, na mkeo anajifunza kusoma. Nakuonea huruma, lakini huruma yangu ni ya kipimo kidogo.

Kuna jambo umelipita mbio. Unashughulikia nini, baba? Binti yako haulizii salamu. Mtoto ameomba kitu, akaambiwa babu anashughulikia, naye anangoja. Mkeo anafuma mpaka vidole vinamuuma, mjukuu anangoja, na wewe unapeleleza madirisha.

Leo hii, kabla hajaenda darasani, toa barua zote mlikozificha wewe na miwani yako. Mpe mkononi. Mwambie mwenyewe kwamba hukuwahi kusoma hata moja, kisha umwombe akusomee. Usitie mzaha. Akinuna, mwache anune. Na chochote mtoto alichoomba, kifanye wiki hii hii.

*Fundi aliandika tena*

Mshauri, nimefanya, ila la mzaha lilinitoka mara moja na nililipia. Barua nilizitoa kwenye droo ya cherehani. Mke wangu alizipanga kwa tarehe juu ya meza yangu ya kukatia, akasoma alasiri nzima, kidole chini ya kila neno. Akanitazama. "Jozi kumi na moja, mzee." Siku mbili chai nilijipikia mwenyewe.

Kila barua, baada ya salamu, iliomba jambo lile lile: babu anishonee mfuko wa begani wa vitabu, kama ule aliomshonea mama, wenye kijifuko cha siri ndani. Ya nne inasema, mama kaniambia unashughulikia, basi nangoja. Ya mwisho, ile ya mkobani, haiombi tena. Inasema, babu, kama macho yako yamechoka, si kitu.

Mke wangu alinionyesha ile "for" iliyo juu ya barua ya kwanza, kabla ya neno babu. "Hii yako," akasema. Bado hajacheka, lakini jana aliuteremsha utepe wangu wa kupimia kutoka begani mwake hadi kiunoni, akasema mkanda wa mfuko wa mtoto uishie hapo, nikate.

Ndipo ninapokwama. Kitambaa ninacho, cha bluu, kizito, na mkasi mdogo unakitafuna kama mimi na muwa. Ule mkubwa aliuazima mpokea wageni wenu siku ya mapazia, akasema ni wa kutwa moja, na huu ni mwaka. Mwambie auweke mezani Jumanne kabla ya saa nane. Nitaupitia mwenyewe nikienda darasani, kwa kuwa huyo Mwalimu Tai bado namchunguza.