Rangi ya Mdomo Kwenye Kola ya Espoir

Granville, Sydney

Kwa dada yangu mpenzi Konsolata,

Pokea salamu za mdogo wako, aliyeolewa juzi na bado anajishangaa. Mgongo wa Mama unaendeleaje baada ya zile mvua? Na wewe, kikohozi kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Nimeandika kwa mkono na kumpa mtu anayekuja Kigoma, kwa sababu simu yako unaiweka spika na Mama anakaa ubavuni, na haya si ya Mama.

Dada, nampenda Espoir kuliko nilivyompenda siku ya harusi. Kituoni anavua koti lake ananifunika mabega, kisha anatetemeka na kuapa kwamba hana baridi. Nikimwona anarudi na sare yake ya kuhudumia wazee, moyo unanidunda kama wa msichana wa kidato cha pili. Ndiyo maana mwezi uliopita wivu nusura uniue.

Ulianzia kwenye kola. Nilikuwa nafua, nikaona rangi ya mdomo, nyekundu, ya kike kabisa. Nikanusa: poda yenye harufu ya maua. Nikamuuliza.

"Ni kule kwa mzee wangu wa Alhamisi," akasema. "Yule wa Fairfield."

"Mzee gani anapaka rangi ya mdomo?"

Akacheka kicheko kisichokamilika, akaingia bafuni. Na huko bafuni nikamsikia ananong'ona maneno ya lugha nisiyoijua, kwa sauti laini, anayarudia mbele ya kioo.

Nikampelekea habari Mama Furaha, jirani yetu Mkongo tunayesali naye. "Mwanaume akianza kujiangalia kwenye kioo, kuko mutu mwingine anamuangalia," akasema, huku anamenya viazi. "Na Espoir ni muzuri, sheri, mpenzi wangu. Kitu kizuri hakikosi wateja." Nilirudi nyumbani nikakagua kola zake zote kabatini.

Jioni nilimbana, na ndipo akanieleza habari za huyo mzee. Anaitwa Don Anselmo, na zamani, enzi za picha zisizo na rangi, alikuwa mwigizaji mkubwa huko Meksiko. Alizaliwa kwa mchunga ng'ombe. Akaenda mjini kubeba mbao kwenye studio, mpaka siku moja mwigizaji mkuu akaanguka kutoka juu ya farasi na ikatakiwa mtu yeyote anayejua kupanda. Anselmo akapanda, na hakushuka mpaka alipoota mvi. Kofia pana, vifungo vya fedha, gitaa chini ya dirisha la mwanamke. Mwisho wa kila picha anapigwa risasi, anakufa akitaja jina la mpenzi wake. Barabarani wanawake walimchania mikono ya shati. Kisha rangi zikaingia, ikaja televisheni, vijana wakaanza kuyacheka machozi yake. Studio zikampa nafasi za baba, halafu za babu, halafu simu ikanyamaza. Akamfuata binti yake Graciela huku Sydney.

"Alikuwa na wake wangapi?" nikauliza.

"Watatu. Wote aliwaacha. Yule aliyempenda alikuwa mwenzake wa kwenye filamu, na huyo hakumuoa."

 Kumbe huyo ndiye mwalimu wa mume wangu. Na ile rangi ya mdomo bado alikuwa hajaieleza.

Alhamisi nikapanda treni, behewa la nyuma ya lake. Nilijiambia kwamba nikimkuta na mwanamke, nitafunga sanduku langu siku hiyohiyo. Aliingia kwenye nyumba ya matofali mekundu. Nikapita ubavuni, kwenye mapipa ya taka, nikasikia gitaa la redioni. Nikachungulia uani.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya dirisha, kofia pana kichwani, sahani ya wali mapajani. Anaongea kwa Kihispania, mkono kifuani, sauti yake bado nene. Na dirishani, dada, amejifunika mtandio mweusi wa lesi, poda usoni, midomo myekundu kama pilipili, alikuwa Espoir wangu. Espoir aliyekuwa golikipa wa kambi nzima ya wakimbizi ya Nyarugusu. Akamjibu mzee yale maneno ya bafuni, taratibu, macho yameinama. Mzee akashusha pumzi, akachukua kijiko, akala.

Mkono ukanishika bega. Ni Graciela. "Wewe ni nani?" akaninong'oneza kwa Kiingereza.

"Ni mke wa huyo pale dirishani."

Akanieleza kwamba baba yake amesahau kila kitu, hata yeye mwanawe, isipokuwa yule mwanamke wa kwenye filamu. Asipotokea dirishani, hali wala hanywi dawa.

Mzee akageuka, akaniona. Kijiko kikasimama. Akauliza jambo kwa ukali, na Graciela akanitafsiria: "Anataka kujua wewe umetumwa na nani." Espoir akaniangalia ndani ya lesi kwa macho ya kuomba. Nikiita jina la mume wangu, yule mwanamke anakufa na chakula kinapoa. Nikainama tu kama mtumishi wa nyumba, nikamwongezea maji kwenye glasi. Mzee akanikagua juu mpaka chini, akanikonyeza jicho, akaendelea kula. Kusahau kote kule, na uhuni hajausahau.

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa bado nimenuna. Espoir alikuwa na wekundu kidogo pembeni mwa mdomo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba ninavaa lesi ili mutu akule?"

Lakini hofu nyingine ilikuwa imeniingia, dada. Mtu anayeigiza mapenzi vizuri hivyo, nitajuaje ananiigizia mimi lini? Nikamwambia, "Yale maneno matamu uliyomwambia mzee. Mimi utaniambia yapi?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Yennora ikapita, bado anatafuta. Guildford ikapita, jasho linamtoka, anavikunjakunja vidole vyake vile vikubwa. Tulipokaribia Merrylands akasema, "Tukishuka nitakununulia samaki."

Mwigizaji asingekosa neno. Nilimwegemea mpaka Granville, na samaki nilimla wote peke yangu.

Nisalimie Mama, shangazi aliyesimamia posa yangu, na shemeji Yusto, mumeo. Watoto uwabusu mashavuni. Ya rangi ya mdomo yaishie kwako. Mungu akulinde, dada, hadi tutakapokaa tena jiko moja.

Mdogo wako mwenye furaha,
Editha, mke wa Espoir