Imezimia, Si Imezima

Jumanne, Mchafukoge

"Imezimia," alinisahihisha Mama Hansa, mwenye intaneti kafe ninayoifanyia ufundi, nilipomwambia kompyuta kuu imezima. "Kama mzee wangu siku ile ya kiharusi. Ikiamka haikumbuki kitu."

Diski yenyewe ndogo. Nilikuwa nimeiagiza kompyuta ikizimia ihifadhi kumbukumbu za prosesa, yaani bongo zake, zote mbili. Nafasi ikawa inajaa, tunakosa zote. Uroho wangu tu! Leo nimechagua za ile prosesa inayoleta balaa, basi. Mchana ikazimia tena, ikaamka na kumbukumbu zake za mwisho.

"Kidogo hicho kinatosha?"

"Cha kuanzia kinatosha, mama."

Bado naogopa hitilafu yenyewe sitaipata. Lakini nilipopita kumuaga mzee, mume wa Mama Hansa, ambaye tangu augue hasemi kitu, kabla sijafungua mdomo kumpa shikamoo akaniambia, "Marahaba."